Kubanwa kwa Mishahara na Huduma Kasese na Bwera, 1956–2025

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, imepitia karibu kila aina ya upunguzaji wa mishahara na huduma ambao serikali ya nchi hiyo imewahi kuufanya. Mgodi wake ulikufa, na maslahi ya wafanyakazi yakafa nao. Watumishi wa umma waliachishwa kazi, wagonjwa walitakiwa kulipia matibabu, na walimu walibaki na mshahara usiofika katikati ya mwezi. Wilaya yenyewe imekaa kati ya milima ya Rwenzori na maziwa Edward na George, na pale Bwera inapakana na Kongo. Mahali ilipo pameamua kwa kiasi kikubwa jinsi watu wake walivyojibu. Mtu mwenye shamba la kahawa mlimani na soko la ng'ambo umbali wa kutembea kwa miguu, akikatiwa ujira, ana pa kwenda kabla ya kufikiria kuandamana.

Kazi ya mshahara iliingia Kasese kwa wingi kupitia shaba. Taarifa za mwanzo za madini hayo zililetwa na msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia na Duke wa Abruzzi, uliopanda Rwenzori mwaka 1906. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950, na uzalishaji ukaanza 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Madini yaliyosagwa yalipakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, kisha shaba ikateremshwa Mombasa. Hisa nyingi zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Falconbridge ya Kanada. Hadi uchimbaji ulipokoma, bonde la mto Nyamwamba lilikuwa limetoa takribani tani 270,000 za shaba, na kwa miaka mingi shaba ilishika nafasi ya tatu katika mauzo ya Uganda nje ya nchi, baada ya kahawa na pamba.

Mchimbaji wa Kilembe hakulipwa fedha peke yake. Kampuni ilimpa nyumba ya kudumu katika makazi kama Namhuga, Katiri na Kyanjuki, ikampa maji ya bomba na umeme uliotoka kwenye kituo chake yenyewe cha mto Mubuku. Mkewe alijifungua katika hospitali ya mgodi na watoto walisoma katika shule za mgodi. Wafanyakazi walitoka Kigezi, West Nile, Rwanda na Kongo, wakakutana katika Kiswahili cha kazini. Nyumba, cheo na kadi ya hospitali vilikuwa kifurushi kimoja, na aliyepoteza kazi alivipoteza vyote siku hiyohiyo. Mfumo huo ulikuwa wa kikoloni katika ubaguzi wake wa vyeo, lakini uliwafundisha watu wa bondeni kwamba mwajiri anadaiwa zaidi ya noti za mwisho wa mwezi. Kila upunguzaji uliofuata ulipimwa kwa kipimo hicho.

Kilomita chache juu ya nyumba hizo zenye taa, hali ilikuwa nyingine kabisa. Wakonzo wa mlimani waliishi chini ya ufalme wa Toro uliokuwa na makao yake Fort Portal. Walilipa kodi ya kichwa kama watu wengine wa Toro, lakini vyeo vya serikali ya ufalme, nafasi za masomo, shule na zahanati vilikwenda kwingine. Hapa ndipo penye tukio la kwanza kubwa la umma kuukataa mgao wa serikali. Mwezi Machi 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro wakiongozwa na Isaya Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya. Tarehe 30 Juni 1962, miezi zaidi ya mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, harakati yao, iliyoitwa Rwenzururu, ilijitangazia uhuru wake. Tume iliyoongozwa na Dkt. Sembeguya ilitumwa kuchunguza malalamiko hayo, lakini vita vya mlimani viliendelea.

Rwenzururu kwa kawaida husimuliwa kama habari ya kabila na ufalme. Ni kweli, lakini nusu yake ilikuwa habari ya huduma. Serikali ya mlimani ilitoza kodi yake yenyewe, ikaendesha mahakama na kufungua shule. Watu walionyimwa mgao waliamua kujigawia. Idi Amin aliigawa Toro mwaka 1974 na Kasese ikawa wilaya inayojitegemea. Mapatano ya tarehe 15 Agosti 1982 kati ya Charles Wesley Irema-Ngoma, mwana wa Mukirania, na serikali ya Milton Obote yalimaliza uasi, na Wakonzo wakaanza kuajiriwa katika ofisi za wilaya yao. Bahati mbaya waliingia ofisini wakati mshahara wa ofisini ulikuwa umekwisha thamani.

Kufa kwa mshahara huo kulianza zamani kidogo. Mwezi Mei 1970 Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa, Kilembe ikiwemo. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, maduka yakagawiwa watu walioitwa mafuta mingi, na bidhaa zikatoweka. Bei ya shaba duniani ilianguka katikati ya miaka ya 1970, Wakanada wakaondoka, vipuri vikakosekana, na mashine zikawa zinakula mashine nyingine ili ziendelee kuzunguka. Uchimbaji ulikoma kabisa mwaka 1982. Hakuna siku ambayo mkuu wa mgodi alisimama kutangaza kwamba ujira umepunguzwa. Tarakimu kwenye karatasi ya mshahara zilibaki zilezile, huku sabuni, chumvi na mafuta ya taa vikipanda bei mara kumi na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa mwezi wa mtumishi wa kawaida wa umma haukutosha chakula cha wiki moja.

Jibu la Bwera kwa hali hiyo lilikuwa magendo. Mpaka wa hapo uliwekwa na makubaliano ya 1910 kati ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani, ukawakata Wakonzo kutoka kwa ndugu zao Wanande wa upande wa pili, wanaosema takribani lugha ileile. Mto Lhubiriha unaotenganisha Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo ni mdogo. Bodi ya kahawa ya Kampala ililipa bei ya chini, tena kwa kuchelewa, na mara nyingi kwa karatasi ya ahadi. Wafanyabiashara wa Butembo na Beni, huko Kongo, walilipa papo hapo, kwa fedha au kwa vitenge, sabuni, dawa na vipuri vya baiskeli. Gunia lilishuka mlimani kichwani, likasubiri giza katika nyumba ya jamaa karibu na mto, likavuka. Amri ya Amin ya mwaka 1975 iliyounda mahakama za makosa ya uchumi iliwatisha wafanyamagendo kwa adhabu ya kifo, na kahawa ikaendelea kuvuka. Walimu, makarani na wauguzi waliingia katika biashara hiyo wao wenyewe au kupitia jamaa, kwani ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba zao. Wengi waliendelea kufika kazini siku mbili tatu kwa wiki ili jina lisifutwe.

Kwa macho ya serikali, huo ulikuwa wizi wa mapato ya taifa. Kwa macho ya mtu wa Bwera, serikali ndiyo iliyotangulia kuvunja mkataba. Hoja hii ya pili ina uzito ambao maandishi ya serikali ya wakati ule hayakuukubali.

Serikali ya Yoweri Museveni iliyoingia madarakani Januari 1986 ilikuta mfumuko wa bei ambao mwaka uliofuata ulizidi asilimia 200. Mwezi Mei 1987 ulianza mpango wa kufufua uchumi uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa ilichukuliwa na serikali. Waliokuwa na akiba ya noti ndani ya nyumba waliumia zaidi, na sehemu za mpakani, ambako biashara yote ilikuwa ya fedha taslimu na benki zilikuwa mbali, akiba ilikuwa ndani ya nyumba.

Miezi michache kabla yake, Desemba 1986, miji ya shaba ya Zambia, Kitwe na Ndola, ilikuwa imewaka moto. Serikali ya Kenneth Kaunda iliondoa ruzuku ya unga wa mahindi kwa masharti ya wakopeshaji walewale, bei ikapanda zaidi ya maradufu, watu wakavunja maduka, na watu 15 wakauawa. Kaunda akairudisha ruzuku. Kasese nayo ilikuwa wilaya ya shaba, lakini hapakuwa na ghasia za namna hiyo, na sababu zake zinaeleweka. Mchimbaji wa Zambia mwaka 1986 alikuwa bado analipwa, anaishi mjini, na ananunua unga wake dukani. Ruzuku ilipoondolewa alikuwa na kitu cha kupoteza asubuhi moja. Mchimbaji wa Kilembe alikuwa ameshapoteza kidogokidogo kwa miaka 10, na mgodi umekwisha kufungwa. Muhogo na ndizi vilitoka shambani, vitambaa vilitoka Kongo. Serikali haikuwa na ruzuku ya kumwondolea.

Upunguzaji rasmi, wa kalamu, ulikuja miaka ya 1990. Tume ya kupanga upya utumishi wa umma ilipendekeza serikali iwe ndogo, na wizara zikapunguzwa kutoka 38 hadi 21. Mwaka 1990 Uganda ilikuwa na watumishi wa umma wapatao 320,000. Katikati ya muongo walikuwa chini ya nusu ya idadi hiyo. Sehemu ya pengo hilo walikuwa wafanyakazi hewa, majina yaliyolipwa bila mtu. Lakini wengi walikuwa watu wenye miili: wafagizi wa hospitali, wapagazi, walinzi, watengeneza barabara, watu wa madaraja ya chini kabisa wasiokuwa na wa kuwasemea. Wakati huohuo jeshi lilipunguza askari wapatao 36,000 kati ya 1992 na 1995. Treni, ambayo ndiyo iliyoujenga mji wa Kasese, ilikuwa haifiki tena mwishoni mwa muongo huo, na wafanyakazi wa stesheni wakawa kama wa mgodi.

Hapa bahati iliingilia kati. Ukiritimba wa bodi ya kahawa ulivunjwa mwaka 1991, na mwaka 1994 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazili, bei ya dunia ikapaa. Msimu huo na uliofuata, mkulima wa Rwenzori alipata fedha ambazo baba yake hakuwahi kuziona, tena kihalali, bila kuvuka mto usiku. Familia nyingi zenye mtu aliyeachishwa kazi zilikuwa pia familia zenye kahawa. Upunguzaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Uganda ulipita Kasese bila kelele kubwa kwa sababu ulikutana na msimu mzuri. Watungaji wa sera wa Kampala walipenda kuusoma utulivu huo kama ridhaa ya wananchi. Ilikuwa kahawa.

Wasio na kahawa walitafuta namna nyingine, na namna hiyo imedumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vidogo vya kuweka akiba vya kaunti ya Bukonzo viliungana na kuzaa ushirika unaoitwa Bukonzo Joint, wenye makao yake Kyarumba. Ulianza na mikopo midogo, ukaingia katika ununuzi na usafishaji wa kahawa, na wanachama wake wengi ni wanawake. Nyakatonzi, chama kikuu cha zamani cha wakulima wa pamba katika tambarare, kilikuwa mtoto wa enzi za ushirika wa serikali. Bukonzo Joint ulizaliwa na kizazi ambacho hakikuitegemea serikali kwa mkopo wala kwa bei.

Jambo lililowagusa watu wote, mwenye kahawa na asiye nayo, lilikuwa malipo ya hospitali. Serikali ilitaka kuanzisha uchangiaji wa gharama mwaka 1990, na wabunge wakaukataa. Miaka mitatu baadaye uliingia kupitia wilaya: kila wilaya na kila kituo cha afya kilijiwekea viwango kupitia kamati yake. Katika vituo vya vijijini kiasi cha kujiandikisha kilikuwa kidogo kwa mtu wa mshahara. Kwa mama aliyeuza mafungu ya nyanya kando ya barabara kilikuwa kipato cha siku moja au mbili. Mgonjwa alikuja na daftari lake la shule la kuandikiwa maelezo ya ugonjwa. Mjamzito alitakiwa kuja na glovu, pamba, wembe na kipande cha plastiki cha kutandika kitandani. Dawa zikikosekana dirishani, karatasi iliandikwa na jamaa wakatumwa dukani.

Hakuna aliyeandamana Bwera kwa sababu ya daftari na glovu. Watu walichelewa kwenda hospitali. Walianza kwa dawa za miti shamba na vidonge vya dukani vilivyouzwa kimoja kimoja, na hospitali ikawa mahali pa kumpeleka aliyezidiwa. Wenye uwezo kidogo walikwenda Kagando, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari na iliyo chini ya Kanisa la Uganda, au Kilembe, ambako hospitali ya mgodi iliendelea kwa ubia na Jimbo Katoliki la Kasese. Huko pia walilipa, lakini walijua dawa zipo. Hili ni jibu la umma sawa na maandamano, ingawa takwimu za wakati huo ziliandika tu kwamba mahudhurio yamepungua.

Uchangiaji ulifutwa katika vituo vya serikali Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais. Wagonjwa walirudi kwa wingi nchi nzima, hasa maskini, na ongezeko hilo ni ushahidi tosha kwamba ada zilikuwa zimewafungia nje. Lakini fedha zile hazikuwa zimepotelea hewani. Zilibaki kituoni, na sehemu yake ilikuwa posho ya wahudumu ambao mshahara wao wa serikali ulikuwa mdogo na wa kuchelewa. Kufutwa kwa ada kuliondoa posho hiyo katika juma lilelile foleni ilipoongezeka. Serikali iliongeza bajeti ya dawa, lakini dawa ziliisha mapema kuliko zamani, na mgonjwa wa bure akajikuta tena dukani na karatasi mkononi. Miaka ya baadaye serikali ilipoinua mishahara ya wahudumu wake, hospitali za kanisa zilipoteza wauguzi waliohamia serikalini.

Shule zilipitia njia hiyohiyo, tena kabla ya hospitali. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, aliyemlipa mwalimu wa shule ya msingi kwa kweli alikuwa mzazi. Michango ya umoja wa wazazi na walimu ilijenga madarasa, ikanunua chaki na kuongezea mshahara. Serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa kila mtoto, lakini uchunguzi uliofanywa nchi nzima ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Nyingine iliishia wilayani na njiani. Januari 1997 elimu ya msingi ya bure ilianza, watoto wanne kwa kila familia, na idadi ya wanafunzi nchini ikaruka kutoka takribani milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Michango ya wazazi ilipigwa marufuku isipokuwa mijini. Mwalimu wa kijijini akapoteza nyongeza yake na kupata darasa la watoto mia moja.

Bwera mabadiliko hayo yaliingia katikati ya vita. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kuushambulia mji wa Mpondwe na Bwera, na kwa miaka kama mitano iliyofuata vijiji vingi vya mlimani vilihama. Mwalimu na muuguzi walihama na vijiji. Tena vita vya kwingine navyo vilikata huduma za huku: mwaka 2002 serikali ilichukua asilimia 23 ya bajeti za wizara ili kugharamia operesheni ya jeshi kaskazini mwa nchi.

Uchunguzi ule wa ruzuku ulizaa jambo ambalo linastahili kutajwa kwa heshima. Wizara ya Fedha ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Karatasi hiyo ilikuwa ya kawaida, imeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu: mwezi, kiasi kilichopokelewa, kilivyotumika. Mzazi aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, kisha wakauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa, kwamba fedha hizi na madawati haya vinalinganaje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Kati ya majibu yote ya umma yaliyosimuliwa hapa, hili ndilo lililorudisha fedha kwa hakika, na lilihitaji gundi na karatasi.

Kodi ya kichwa nayo ilikuwa imechosha watu kwa nusu karne. Mwanamume aliyekutwa bila tiketi ya kodi alifungwa kamba na kupelekwa makao makuu ya kata. Wengine walilala shambani msimu wa msako, na wa Bwera walivuka kwenda kwa shemeji Kasindi hadi msako upite. Ilisimamishwa mwaka 2005, karibu na uchaguzi mwingine, na furaha ilikuwa kubwa. Wilaya zilipoteza chanzo kikuu cha mapato yao wenyewe, na fidia kutoka Kampala haikuziba pengo. Kasese, kama wilaya nyingine, ikabaki kutegemea fedha zenye masharti kutoka serikali kuu. Barabara za kijijini na posho za viongozi wa ngazi ya chini ndizo zilizoonyesha upungufu huo kwanza.

Migomo iliingia baadaye, na ilitoka kwa walimu. Chama chao cha sasa, UNATU, kiliundwa mwaka 2003. Kuanzia 2011 kilidai mishahara iongezwe maradufu. Serikali ikatoa ahadi za asilimia chache kwa mafungu, na mwezi Septemba 2013, ahadi ya asilimia 20 ilipokosa kutimizwa, walimu wakaweka chaki chini. Novemba 2017 madaktari wa serikali waligoma nchi nzima. Kisha serikali ikaamua kuwainua walimu wa sayansi peke yao: kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 mwenye shahada alilipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa historia au Kiswahili mwenye shahada ileile akibaki na takribani milioni 1, na mwalimu wa shule ya msingi na chini ya laki 5. Walimu wa sanaa na wa msingi waligoma kuanzia Juni 15, 2022, wakarudi darasani mwezi Julai bila nyongeza. Kwa sekondari za wilaya kama Kasese, ambazo walimu wa sayansi ni wachache, tofauti hiyo ilikaa ndani ya chumba kimoja cha walimu, meza kwa meza. Ni vigumu kuona uamuzi wa mishahara ulioumiza mshikamano wa walimu kuliko huo.

Wazee walipewa hesabu yao. Mpango wa SAGE ulianza mwaka 2010 katika wilaya za majaribio, zikiwemo Kyenjojo na Kyegegwa zilizo jirani katika nchi ya Toro, kwa kuwalipa wazee, kwa kawaida wa miaka 65 na zaidi, kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Ulipofikishwa wilaya zote mwaka wa fedha 2020/21, fedha hazikutosha, na umri ukapandishwa hadi miaka 80. Mkonzo aliyefikisha miaka 65 aliambiwa asubiri miaka 15, na kazi ya mlimani huwachosha watu mapema. Kwa wastaafu wa serikali kulikuwa na nafuu moja. Baada ya mabilioni ya fedha za pensheni kuibwa makao makuu na jambo hilo kufichuka mwaka 2012, malipo yalihamishiwa wilayani, na mwalimu mstaafu wa Bwera hakulazimika tena kufuatilia faili lake Kampala.

Kilembe yenyewe iliendelea kupungua. Kampuni ya Kasese Cobalt ilianza mwaka 1999 kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi kwa kutumia bakteria, ikafunga mwaka 2013 mabaki yalipokwisha. Mwaka huohuo mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima kutoka China kwa miaka 25, na mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa sehemu ya hospitali na nyumba za wafanyakazi. Tarehe 7 Mei 2020 ulirudi kwa nguvu zaidi, na hospitali ikahamishiwa Kasese mjini. Wajukuu wa wachimbaji, waliozaliwa katika wodi zile pamoja na dada zao, wakalazimika kusafiri kutafuta daktari.

Miaka ya karibuni serikali imerudi kwenye kuunganisha mashirika ili kuokoa fedha. Novemba 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuirudisha mamlaka ya kahawa ndani ya wizara ya kilimo, katika kikao kilichoshuhudia ngumi. Mamlaka hiyo ndiyo iliyosimamia ubora wa arabika ya Rwenzori tangu 1991, na wakulima walihofia kupoteza maofisa wa ugani waliowazoea.

Upunguzaji wa 2025 ulikuwa wa aina mpya. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likakoma. Kwa miaka 20 misaada hiyo ilikuwa imelipia sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini Uganda, pamoja na wahudumu wake. Mpaka wa Bwera unaihitaji huduma ya afya kuliko wilaya za ndani, kwa sababu wagonjwa wa Kongo huvuka kuitafuta: mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyefikishwa Kagando na familia yake kutoka ng'ambo, kisha akahamishiwa Bwera, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Uganda katika mlipuko wa wakati huo. Mara hii aliyekata hakuwa waziri wa kugomewa wala diwani wa kunyimwa kura. Wizara ya Afya iliagiza vituo viunganishe huduma za VVU na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje, na wahudumu wengi waliolipwa na miradi walipoteza kazi. Walimu wa sanaa wa sekondari, ambao wana wa kumgomea, waliweka chaki chini tena mwezi Juni mwaka huohuo, wakidai kulipwa sawa na wenzao wa sayansi.